Zamu ya Bi Mkubwa

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alikuwa na mke mwenza, na nguo ya huyo mke mwenza aliishona yeye mwenyewe.

Hivyo ndivyo alivyowaambia wateja wake. Shemeji ni fundi cherehani. Anashona sare za shule barazani kwetu, chini ya bati lililopigwa rangi ya bluu, na mteja akishakaa kwenye benchi kusubiri apimwe, lazima aonyeshwe kizibao cha rangi ya chungwa kilichotundikwa kwenye msumari karibu na mlango.

"Unakiona hicho? Cha mke mwenzangu. Halmashauri ilikileta kikubwa kama hema, mimi nikakipunguza kwapani, nikakitia pindo. Umewahi kuona mjinga kama mimi?"

Mgeni aliyekuja kwa mara ya kwanza aligeuza shingo kutazama jikoni, akidhani mwanamke wa pili atatokea na beseni. Hakutokea mtu. Mke mwenza mwenyewe alikuwa mtaa.

Kaka alikuwa mchomeleaji. Alitengeneza mageti na madirisha, akifunga karakana jua likianza kupoa, akirudi nyumbani ananuka chuma, anaoga, anakula na mkewe. Shemeji alimpenda hivyo. Kisha vijana wa pande mbili za mtaa wetu, Juu na Bondeni, wakaanza kukatana mapanga pale kwenye daraja la mtaro, jambo lililoanza na mpira likaisha na mazishi. Halmashauri ilipochoka kutoa rambirambi ikatenga fungu la kitu kilichoitwa kazi ya mtaani: alipwe mtu asiye na bunduki wala pingu, mtu ambaye vijana wanamjua, atembee kati yao kabla jambo halijachemka. Wazee wa pande zote mbili wakamtaja kaka. Vijana wakambatiza Breki.

Kaka hakuwa na hotuba. Alikuwa na neno moja: nisindikize.

Akikuta kijana macho yamemtoka na kitu kimevimba chini ya shati, hakumwambia acha. Alimwambia, "Mdogo wangu, nisindikize mara moja hapo mbele." Na nani aliyelelewa na mama yake anaweza kukataa kumsindikiza mkubwa? Kijana atanuna, atasonya, lakini atatembea. Watakwenda hadi stendi, watakunja kona kwa muuza mkaa, wakizungumza habari za mpira na viatu na msichana fulani asiyejibu ujumbe. Hasira haina pumzi ya safari ndefu. Mara nyingi ilikata roho kabla hawajafika kwa muuza mkaa.

Tatizo ni kwamba adabu ina njia mbili. Aliyekusindikiza, nawe unamsindikiza akirudi. Kaka alifika hadi mlangoni kwetu na kijana wake, wakasimama kuagana, halafu akageuka kumtoa tena. Wakifika darajani wanamkuta mwingine. Shemeji alikuwa ameshapakua chakula, amefunika sahani, ameketi. Alisikia sauti ya mumewe ikikaribia dirisha, inacheka, halafu ikipita na kwenda zake tena.

"Umesikia?" aliniuliza. "Amefika, amegusa ukuta, amerudi kwa mwenzake."

"Shemeji, ni kazi."

"Kazi! Mji mzima unamsindikiza. Mimi hajanisindikiza hata dukani kununua uzi."

Nilikuwa nikiishi kwao tangu nimalize chuo, nikifundisha masomo ya jioni, na kwa kuwa shemeji ni mtu wa kutaniwa, nilimtania sana. Lakini kadiri siku zilivyokwenda nikagundua kwamba yeye hatanii. Wivu wake ulikuwa wivu kamili, wenye meno. Alinusa shati la mumewe kabla ya kuliloweka, akitafuta moshi wa sigara za vijana. Alimhoji.

"Leo ulikuwa na nani?"

"Na yule wa Bondeni, mwenye kovu kwenye nyusi."

"Mlizungumza nini?"

"Mambo ya maisha tu, bibie."

"Mimi mbona hunizungumzii mambo ya maisha? Mimi siishi?"

Ilikuwa kweli. Maneno yake yote aliyamaliza huko nje. Akija nyumbani anakuwa kama bomba la maji saa za mgao: linakoroma kidogo, halitoi kitu. Alikumbuka kwamba kijana fulani ana kesi mwezi ujao na mwingine anaogopa mbwa. Siku aliyozaliwa mkewe aliisahau. Na ile simu ndogo ya vibonye aliyopewa na halmashauri, yenye mlio kama nyenje, ililia kila mara mtu akiinua tonge la kwanza. Shemeji aliiita "binti yao". "Kamsikilize binti yenu, analia," alisema, huku akivuta sahani ya mumewe na kuifunika kwa nguvu kuliko sahani inavyostahili.

Juu ya cherehani ilitundikwa picha ya harusi ya mdogo wake wa kiume. Ndugu wote wamepanga mistari, maharusi katikati, na pembeni yuko shemeji amevaa gauni alilolishona kwa majuma, tabasamu limekazwa kama uzi. Kando yake kuna pengo la upana wa mtu mmoja. Siku ile simu ililia mpiga picha akiwa anapanga watu. Kaka akasema, "Niwekeeni nafasi, narudi sasa hivi." Wakaiweka. Hakurudi mpaka viti vimekunjwa.

Hakuwahi kusema alikwenda wapi. Mambo ya vijana hakuyatoa nje, hata kwa mkewe. Alisema mtu akikupa siri yake njiani, siri hiyo haina ruhusa ya kuingia ndani kwako na viatu.

"Ndiyo maana nasema," shemeji alinong'ona siku moja huku akiifuta vumbi ile picha. "Mwanamume akificha alikokwenda, ujue kuna aliyemfungulia mlango."

Basi habari ikaja kwamba halmashauri inataka kulifyeka lile fungu.

Niliisoma kwenye tangazo lililobandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtendaji wa mtaa, damu ikanipanda. Kungekuwa na mkutano wa wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, katika ukumbi wa shule, na kazi ya mtaani ilikuwa ya kwanza katika mambo "yanayopendekezwa kusitishwa". Nilirudi nyumbani nikitembea kama ninayefukuzwa.

Kijana akishachomwa kisu, fedha za umma hufumuka kama maji ya bomba lililopasuka. Kuna gari la wagonjwa, kuna daktari, kuna askari na mafuta ya gari lao, kuna hakimu, kuna ukuta wa gereza na uji wa mfungwa. Hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Lakini mtu anayesimama kabla kisu hakijatoka kiunoni, huyo ndiye anayeitwa gharama. Niliyasema hayo yote barazani, nimesimama, nimeinua kidole.

Shemeji alikuwa akishona kola. Hakuinua kichwa. Ila mguu wake kwenye kanyagio uliongeza mwendo, na nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia nyumba ile kwa muda mrefu. Alikuwa akiimba.

"Shemeji! Unafurahi?"

"Mimi? Nashona kola."

"Wanataka kumwachisha kazi mumeo!"

"Atarudi kwenye mageti yake. Geti halipigi simu."

"Na vijana wakikatana?"

Mguu ukasimama. Akanitazama juu ya miwani yake ya kushonea. "Msomi, nisikilize vizuri. Siku ile aliporudi mkono umefungwa kitambaa, nani alikifungua? Wewe ulikuwa chuoni unaandika insha. Ni mimi niliyekifungua, na ni mimi niliyeambiwa 'si kitu, bibie, msumari tu'. Mimi nashona. Najua nguo iliyopasuliwa na msumari na najua iliyopasuliwa na kisu." Akaurudisha mguu kwenye kanyagio. "Na huo mkutano nitakwenda. Wametaka maoni, maoni ninayo."

Jioni ile kaka alipoambiwa, aliacha kula. Tulimtazama wote wawili. Nilitarajia atamsihi. Akanawa mikono, akasema, "Kasema kweli, wametaka maoni. Sema lililo moyoni mwako, bibie. Nakuomba kitu kimoja tu. Usiseme uongo."

"Nimewahi kukudanganya?"

"Hapana."

"Basi."

Nyenje ikalia mfukoni mwake. Akainuka.

Ukumbi wa shule ulijaa. Watu wazima walikalia viti vya wanafunzi, magoti yamefika kidevuni, na vijana wa pande zote mbili walisimama nje madirishani, wa Juu upande huu na wa Bondeni upande ule, wakijifanya hawaonani. Kaka alisimama karibu na mlango na kizibao chake. Mbele, kwenye meza yenye kitambaa cha kijani, waliketi mwenyekiti wa halmashauri, diwani wetu na mweka hazina, mtu safi sana mwenye sauti ya upole.

Mweka hazina ndiye aliyeanza. Alisema tangu mwaka jana eneo letu limetulia. Hakuna tukio kubwa lililoripotiwa. "Tunawapongeza wananchi," alisema. "Lakini hatuwezi kuendelea kumlipa mzimamoto mahali pasipo na moto."

Niliruka. "Ndugu Mwenyekiti! Kwa hesabu hiyo tung'oe na mapaa ya nyumba zetu, maana ndani hakunyeshi!"

Ukumbi ulipiga makofi, na makofi yakanilevya. Nikaendelea. Niliingia kwenye historia, nikaingia kwenye katiba, nikawa ndio kwanza naingia kwenye falsafa ya dola mwenyekiti aliponiambia, "Kijana, umeeleweka. Kaa." Madirishani mtu akasema, "Huyo ni mdogo wake Breki, yeye hana breki." Walicheka wa pande zote mbili. Nikakaa.

Ndipo shemeji akasimama. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Alikifungua mbele ya meza ya kijani. Ilikuwa ile picha ya harusi.

"Shikamooni wazee. Mimi ni mke wa huyo mnayemjadili. Mke mkubwa, niseme, maana mmemwoza mke wa pili bila kuniuliza."

Kicheko kikavuma. Mwenyekiti akatabasamu. "Endelea, mama."

"Nimeambiwa nisiseme uongo, sitasema. Mume wangu hali chakula. Akianza kula, simu inalia, na yeye anakwenda. Nikiumwa, anakwenda. Jua, mvua, anakwenda. Mweka hazina amesema hakuna moto. Mimi sijui moto. Ninachojua, simu haijanyamaza hata siku moja, na kila ikilia mtu huyu anatoka ndani mwangu kama anayeitwa na mama yake mzazi. Mmekaa hapa mnasema mtaa umetulia. Umetuliaje na mume wangu hatulii?"

Nilimwona mweka hazina akiacha kuchezea kalamu. Nilitaka kucheka na kulia. Mwanamke alikuja kushitaki, na kila shitaka alilolitoa lilikuwa ushahidi wa upande wetu, na mwenyewe hana habari.

"Tazameni picha hii. Harusi ya mdogo wangu wa tumbo moja. Huyu ni mimi. Hili pengo ni mume wangu." Aliinua picha juu, akaigeuza polepole ili ukumbi wote uone. "Alisema narudi sasa hivi. Mpaka leo sijui alikuwa kwa nani."

"Alikuwa kwangu."

Sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa ya mama mmoja muuza nyanya wa kule Bondeni, mnene, mpole, na kanga yake kichwani. Alikuwa amesimama tayari.

Vichwa vyote viligeukia nyuma. Shemeji aliishusha picha. Shingo yake ikawa ndefu.

"Kwako?"

"Kwangu, mama."

"Siku ya harusi ya ndugu yangu, mume wangu alikuwa kwako?"

"Ndiyo. Na alikunywa maji kwenye kikombe changu."

"Nilijua!" Shemeji aligeuka kututazama sote. "Si niliwaambia? Nilijua kuna mwanamke!"

Ukumbi nusura uanguke kwa kicheko, lakini muuza nyanya hakucheka. Aliomba watu wanyamaze, akazungumza taratibu. Asubuhi ya siku ile mwanawe wa kwanza alikuwa amepigwa darajani na kuvuliwa viatu mbele ya wasichana. Alirudi nyumbani akachukua panga la kukatia majani ya mbuzi, akaketi nyuma ya nyumba akilinoa. Mama alimlilia, hakusikia. Mjomba alimkemea, hakusikia. Ndipo alipompigia Breki.

"Akaja amevaa suti. Nikashangaa, nikasema huyu katoka wapi. Akaomba maji, akanywa. Akamwambia mwanangu, 'Mdogo wangu, nina harusi na nimepotea njia, nisindikize.' Kupotea njia, mtu aliyezaliwa hapa! Mwanangu akamwambia nenda. Akasema siwezi kwenda peke yangu na suti hii, wataniibia. Basi mtoto akainuka na panga lake. Walizunguka mji mzima. Waliporudi, lile panga alikuwa amelishika mume wako, na suti imejaa vumbi. Mwanangu ndiye yule dirishani. Sasa anajifunza umeme."

Kijana dirishani akainamisha kichwa.

Shemeji aliibana picha kifuani. Mimi niliyemjua nilidhani nimemwona akilainika, na pengine alilainika, lakini si kwa namna niliyoitaka. Wivu hauondoki kwa kuambiwa kwamba mwenzako ana haki. Wakati mwingine ndiyo unazidi, maana sasa huna hata wa kumtukana. Aliutazama mlango aliposimama kaka na kizibao chake cha chungwa, kile alichokipunguza yeye kwapani.

"Kwa hiyo suti niliifua bure kwa hasira," alisema.

Mweka hazina alikohoa. "Mama, tupate msimamo wako. Unapendekeza tulifute fungu hili, ndiyo au hapana?"

Hilo ndilo swali alilolisubiri tangu siku aliyoimba. Neno moja tu, na kaka angerudi kwenye mageti, na geti halipigi simu. Mke angesema ndiyo, nani tena angebisha? Muuza nyanya bado alikuwa amesimama. Kaka hakusogea.

"Mimi..." alisema shemeji. Akaanza upya. "Mke mwenza hata awe mbaya namna gani, hufukuzi watoto wake. Mimi siwezi kusema watoto wa huyu mama wafe ili mimi nile na mume wangu. Lakini na mimi nisikilizwe! Hata mwanamume mwenye wake wawili, mwenye akili, anaweka zamu. Leo huku, kesho kule. Huyu mtaa umemchukua siku zote! Mimi sina siku. Nataka zamu. Mnipe zamu yangu, na siku ya zamu yangu hata mbingu zikishuka simu hiyo isilie nyumbani kwangu. Basi. Nimemaliza."

Akaanza kuifunga picha yake. Mwenyekiti alikuwa ameinamia kwa diwani, wakinong'ona. Kisha akainua kichwa.

"Mama ametoa wazo zito. Kazi ya zamu. Mweka hazina, kazi ya zamu inahitaji watu wangapi?"

"Hapana, mzee," shemeji akaingilia, "mimi nazungumzia zamu ya..."

"Kwa uchache wawili, Ndugu Mwenyekiti," alisema mweka hazina, kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino.

"Wawili. Maana huyu mmoja, kwa ushahidi wa mkewe, hapumziki. Siku akianguka, tutasema nini? Andika: wananchi wamependekeza kazi ya mtaani iendelee, na ifanywe kwa zamu."

"Sikusema hivyo!" shemeji alilia. "Nimekuja kupunguza, mnaongeza?"

Lakini ukumbi ulikuwa umeshalipuka kwa makofi, na madirishani wa Juu na wa Bondeni walipiga miluzi kwa pamoja. Diwani akaunga mkono, wajumbe wakainua mikono. Fungu likabaki, likaongezwa mtu. Nami niliyekuja na historia na katiba nilikwenda kumbebea shemeji picha yake.

"Umetuokoa," nilimwambia.

"Niache," alisema. "Wameniolea na wa tatu."

Mtu wa pili aliyechaguliwa alikuwa fundi baiskeli wa Juu, mrefu, mwembamba, miguu kama ya korongo. Vijana walimwita Spoki. Halmashauri ilimletea kizibao kama hema, na kwa kuwa fundi ni yule yule, shemeji akakipunguza kwapani, akakitia pindo, akisonya kila baada ya mshono. Zamu zikapangwa. Siku za nyumbani, ile simu ya vibonye ililala kwa Spoki.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho chuo hakikunifundisha. Siku ya kwanza ya zamu ya nyumbani, kaka alikula chakula chote. Alisifu mboga. Akafunga bawaba ya kabati iliyolegea tangu sijui lini. Kisha akakaa barazani, akawa anasikiliza. Kila kelele ya mbali ilimwinua shingo. Shemeji alikuwa na mumewe nyumbani, mzima, ameoga, na masikio yake yako darajani.

Baada ya majuma machache alianza kumsema mwenzake.

"Spoki anatembea haraka mno. Kusindikizwa si mbio."

"Ana miguu mirefu," alisema shemeji.

"Halafu anawanunulia maji baridi. Hiyo si kazi, hiyo ni kuhonga."

"Hm."

"Yule mwenye kovu kwenye nyusi, juzi nimempita amesimama na Spoki, wanacheka. Nikawauliza mnacheka nini, wananiambia si kitu, mzee. Si kitu! Mimi ndiye niliyemtoa yule mtoto polisi!"

Shemeji aliuma sindano midomoni ili asicheke.

Alasiri moja ya zamu ya nyumbani, yule kijana wa muuza nyanya alipita barazani kufuata suruali ya mdogo wake. Alikuwa na habari na habari ilimwasha. Juzi, alisema, pale darajani palikaribia kuchafuka. Mambo ya simu iliyoibwa. Watu walikuwa wameshaokota mawe. Spoki akaja na ile miguu yake, akamwomba yule mkorofi kuliko wote amsindikize akanunue gundi ya mipira ya baiskeli, na hadi wanarudi, simu imeonekana.

"Juzi?" kaka aliuliza. "Mbona hukuja kuniita?"

"Juzi ilikuwa zamu ya nyumbani, Mzee Breki. Tulimwogopa Bi Mkubwa."

"Bi Mkubwa nani?"

Kijana akamtazama shemeji. "Shikamoo Bi Mkubwa," alisema, akachukua suruali yake, akaondoka upesi.

Kaka alimtazama hadi alipopotea kwenye kona. Kisha akainuka, akakitoa kizibao kwenye msumari, akaanza kukivaa.

"Vua hiyo nguo," alisema shemeji bila kusimamisha cherehani. "Leo ni zamu yangu."

"Naenda mara moja tu."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia Spoki neno."

"Neno gani?"

"Kwamba... yule mkorofi namjua mimi! Nimetembea naye miaka! Neno 'nisindikize' ni langu, yeye amelitoa wapi?" Kifungo kilimshinda. "Analiharibu."

"Kulitumia watu wasiuane ndiko kuliharibu?"

"Huelewi, bibie."

Cherehani ikanyamaza. Shemeji alivua miwani, akamtazama mumewe kuanzia kifungo hadi macho, kwa muda. Nilijiandaa kwa kicheko cha ushindi, maana alikuwa na haki nacho.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," alisema taratibu. "Mimi nisielewe? Mimi?"

Taya la kaka lilikuwa limekaza na macho yamemtoka, na mtu asiyemjua angetafuta kilichovimba chini ya shati lake. Alipiga hatua kuelekea barabarani.

Shemeji akainuka. Akajikung'uta nyuzi mapajani, akajifunga kanga, akachukua pochi yake kwenye droo.

"Mume wangu," alisema, "uzi mweusi umeniishia. Nisindikize mara moja hapo dukani."

Nilitazama cherehani. Kibunda cha uzi mweusi kilikuwa pale juu, kimejaa, kipya. Kaka alikitazama pia.

"Si ule pale?"

"Nimesema nisindikize."

Kaka alijua anachofanyiwa. Hakuna mtu hapa mjini aliyeijua hila ile kuliko yeye. Alisonya. Alinuna. Akavua kizibao, akakirudisha kwenye msumari, akamfuata.

Niliwaona wakilipita duka la kwanza bila kusimama. Wakalipita la pili. Karibu na daraja vijana waliokaa ukingoni wakasimama wote, wa upande huu na wa upande ule, wakapaza sauti, "Shikamoo Bi Mkubwa!" Naye, bila kugeuka, mkono wake umeshika mkono wa shati la mumewe, akajibu, "Marahaba."

Jua lilipoanza kupoa nilipakua chakula, nikafunika sahani, nikaketi. Nikasikia sauti zao zikikaribia dirisha. Kaka alikuwa akieleza jambo refu, na shemeji alikuwa akisema, "Ehe, halafu?" Wakafika, wakagusa ukuta. Halafu sauti zikapita, zikaenda zake tena.

Nilikula peke yangu.